Mkono wa Kushoto wa Atupele

Atupele Mwambene aliingia chumba cha vipimo akiwa bado na jezi iliyolowa jasho, akakaa kwenye kiti cha plastiki na kunyoosha mkono wa kushoto bila kuambiwa. Alikuwa anacheka peke yake. Muda mfupi uliopita timu ya taifa ya mpira wa kikapu ya wanawake wa Tanzania ilikuwa imewatoa Kamerun kwa pointi tatu. Kwa mara ya kwanza tangu Siwema Chilongani aanze kazi ya upimaji, walikuwa wameingia nusu fainali ya Kombe la Bara.

"Shikamoo tena, Mama."

"Marahaba. Kaa vizuri, usinidondoshee jasho kwenye mashine. Leo umecheza."

"Leo Mungu ndiye aliyecheza. Mimi nilikuwa namkimbilia nyuma tu."

Siwema alimvua ile soksi polepole. Wachezaji waliiita soksi ingawa ilivaliwa mkononi: kitambaa chembamba cha kijivu, kuanzia begani hadi kwenye kifundo cha mkono, chenye nyuzi zinazosikiliza mishipa ya fahamu. Wenzake kumi na mmoja walivaa mkanda wa kifuani tu, wa kupima moyo na pumzi. Atupele alivaa na soksi kwa sababu ni yeye peke yake kikosini aliyekuwa na mwangwi.

Alikuwa na miaka kumi na mitano pikipiki ilipoteleza naye kwenye lami yenye utelezi, nje kidogo ya Tukuyu. Mishipa ya bega ilikatika. Madaktari waliiunga vizuri kabisa, lakini mkono ulining'inia tu, kama wa mtu aliyelala. Ulikuwa mzima, ila haujui kitu. Ndipo wakamwekea mwangwi. Mahali fulani kulikuwa na mtu ambaye, mkono wake ungali na nguvu, alikubali mienendo yake inakiliwe na kuhifadhiwa benki. Wakachukua nakala ile wakaichezesha ndani ya mkono wa Atupele kila siku kwa miezi minane, mpaka mkono ukakumbuka mambo ambayo haukuwahi kuyafanya. Katika nchi nzima walikuwepo maelfu waliotibiwa hivyo: mafundi cherehani, madereva, kina mama waliopata kiharusi. Kwa kawaida, mwenye mkono anapoendelea kuutumia hujijengea mazoea yake mwenyewe, na mwangwi unafifia.

Michezoni mwangwi uliruhusiwa kwa sharti moja. Katika mechi nzima, mienendo iliyokopwa isizidi asilimia thelathini.

Siwema aliangalia kishikwambi chake. "Ishirini na nne. Uko salama."

"Asante, Mama. Naenda kula kabla Eliwaza hajamaliza kuku wote." Atupele akatoka akichechemea kidogo kwa uchovu, huku anaimba.

Siwema alibaki na namba. Ishirini na nne ulikuwa wastani. Alipozifungua robo moja moja akakuta tisa, kumi na tano, thelathini na moja, na robo ya mwisho arobaini na moja.

Akarudisha picha za robo ile. Mbele yake Atupele alikuwa anadunda mpira kwa kushoto, amechoka, mabeki wawili wamemkabili. Kifundo cha mkono kikalegea, mpira ukashuka kama wa mtu aliyesahau kwamba anao, na mabeki wote wawili wakauinamia. Papo hapo mkono ukazunguka mgongoni na pasi ikatoka upande ambao hakuna aliyeutazama. Kwenye skrini mstari mwekundu, ule wa mienendo iliyokopwa, ulikuwa umepanda mpaka juu.

Siwema aliitazama picha ile mara sita. Mara ya saba hakuitazama. Alifunika mdomo kwa kiganja akakaa hivyo hivyo.

Pasi ile alikuwa amewahi kuipokea yeye mwenyewe, mara nyingi sana, akiwa na miaka ishirini na kitu na jezi ya taifa mgongoni. Duniani alimjua mtu mmoja tu aliyeuangusha mpira vile kabla ya kuutoa. Ilikuwa pasi ya Oliva Haule.

*

Mtu asiyejua alivyokuwa Oliva kwa Siwema asingeelewa kwa nini alifunika mdomo mchana ule kwenye chumba cha vipimo, jijini Lusaka yalikofanyika mashindano.

Mama yake Siwema alifariki wakati wao wawili wakiwa kambini, wiki tatu kabla ya mashindano makubwa kuliko yote waliyowahi kufuzu. Siwema alipanda basi la Dodoma akiwa hajielewi, na alipogeuka akamkuta Oliva amekaa kiti cha pili na begi lake mapajani. Hakuwa ameomba ruhusa. Alilala msibani kwenye mkeka siku tisa, akachota maji, akapika na kina shangazi ambao hakuwajua hata majina. Waliporudi kambini Siwema alisamehewa kwa kuwa alifiwa. Oliva aliachwa nje ya kikosi, kwa kuondoka bila ruhusa. Hakuwahi kulitaja jambo lile, hata kwa utani, na Siwema hakuwahi kupata maneno ya kumshukuru yanayotosha.

Miaka minane iliyopita Oliva alianza kudondosha vikombe. Ulikuwa ugonjwa wa mishipa, ule unaoanzia vidoleni na kupanda. Siwema alikuwa amekwenda Songea kumwona mara mbili. Safari ya pili mikono yote miwili ilikuwa imetulia juu ya mto, na Oliva alinyweshwa chai na binti yake. Hakumwambia Siwema kwamba, kabla mkono wa kushoto haujazima, aliupeleka benki wakauchukua mwangwi.

Kumbe ulikuwa hai. Ulikuwa Lusaka, unatoa pasi.

*

Kocha Lukumay alikuwa kwenye kibaraza cha hoteli na glasi ya chai ya maziwa, amejifunika shuka kwa baridi ya Juni. Alimsikiliza Siwema mpaka mwisho, isipokuwa habari ya Oliva, maana hiyo Siwema hakuisema. Jina la mtoa mwangwi ni siri ya kisheria, na mpimaji ndiye wa kwanza kuapa kuitunza.

"Dada Siwema, fomu inauliza nini?"

"Wastani wa mechi."

"Na wastani ni ngapi?"

"Ishirini na nne."

"Basi." Akanywa chai.

"Kocha, niliapa kueleza chochote kinachoweza kugusa haki ya mchezo. Sikuapa kujaza fomu tu. Robo ya mwisho, pale mechi inapoamuliwa, karibu nusu ya mkono ule ni wa mtu mwingine. Akichoka unarudi kwa mwenyewe. Na Msumbiji, kwenye nusu fainali, watamchosha kuliko Kamerun."

"Wale walioandika sheria ya thelathini walikuwa na akili zao. Wangetaka robo robo wangeandika robo robo." Aliiweka glasi chini. "Mimi nina wasichana kumi na wawili waliojiandaa kwenye kambi inayovuja. Nyumbani kuna watu milioni mia moja thelathini wanaoisubiri Jumamosi. Unataka nikawaambie nini? Kwamba mpimaji wetu mwenyewe ndiye aliyetutoa?"

Siwema alimwacha na chai yake. Alipanda ngazi kurudi chumbani, na kwa kila ngazi alijikuta anazidi kukubaliana na kocha. Lakini alijijua. Kocha alitaka ushindi. Yeye alitaka kitu kingine kabisa: kuuona mkono wa Oliva ukicheza nusu fainali, katika mashindano kama yale ambayo Oliva aliyakosa kwa ajili ya msiba usiokuwa wake. Alitaka kulipa fadhila. Na angeweza kulipa kwa kukaa kimya tu, bila kusema uongo hata mmoja.

Aliandika taarifa kwa jopo la mashindano. Hakuituma.

*

Asubuhi, baada ya mazoezi mepesi, alimkuta Atupele amekaa pembeni ya uwanja anajinyoosha miguu. Akakaa chini karibu naye, magoti yakilia, akamwambia yote kuhusu namba.

Atupele aliuangalia mkono wake kama mtu anayemwangalia ndugu aliyesingiziwa jambo.

"Kwa hiyo zile pasi za mwisho siyo zangu."

"Mkono ni wako. Macho yaliyoona njia ni yako. Ila ule mwendo, ukishachoka, ni wa aliyekupa."

"Mwaka wa saba sasa namwandikia barua," Atupele alisema. "Kila Januari, kupitia benki. Namwambia nimefaulu, namwambia nimechaguliwa, mama amejifungua na mtoto nimembeba mwenyewe kwa mikono miwili. Hajawahi kujibu. Labda alishafariki." Akamgeukia. "Wewe unaweza kuuona mwendo wake. Unamjua?"

"Sheria hainiruhusu kusema."

"Sijauliza sheria, Mama. Nimeuliza kama unamjua."

Siwema alitazama mstari mweupe wa uwanja. Jina lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Akalimeza. Alijua kwamba kimya chake kimeshasema zaidi ya alivyokusudia.

"Taarifa nimeiandika," alisema hatimaye. "Sijaituma. Nilitaka uisikie kwangu kwanza."

Msichana alinyanyuka. Macho yalikuwa yamejaa maji lakini sauti haikutikisika. "Ungetaka kuituma ungekuwa umeshaituma. Umekuja ili nikuombe usiitume. Nikikuomba, halafu ukikubali, mzigo unakuwa wangu. Samahani, Mama, nakuheshimu sana, lakini huo mzigo siubebi."

Siwema alihisi uso unawaka moto. Miaka hamsini na mmoja, na binti wa ishirini na mbili alikuwa amemsoma kuliko soksi inavyosoma mshipa. Alitoa kishikwambi kwenye mfuko wa koti, akakifungua, akabonyeza. Taarifa ikaondoka.

Atupele aliona. Aliokota chupa yake ya maji akaenda zake bila kuaga.

*

Jopo lilikaa siku ya mechi, saa nne asubuhi, kwenye chumba kidogo chini ya majukwaa. Wajumbe walikuwa watatu, na kila mmoja alizungumza lugha yake, maana vifaa vya masikioni vilitafsiri papo hapo. Mwenyekiti, Bi. Assitan, mama mrefu kutoka Mali aliyewahi kuwa mwamuzi, aliisoma taarifa kwa sauti kisha akaiweka mezani.

"Bi. Chilongani, wastani wa mchezaji huyu umo ndani ya kanuni. Hakuna aliyelalamika. Kwa nini umetuletea jambo hili?"

"Kwa sababu nimeliona," Siwema alisema. "Nisingeliona ningelala."

"Kuna sababu nyingine?"

Kocha Lukumay, aliyekaa nyuma, alikohoa, lakini Siwema alijibu. "Ipo. Naufahamu mwendo ule. Jina sitalitaja, na naomba lisitafutwe. Ni wa mtu ambaye nina deni kwake la shukrani. Nilitaka sana kunyamaza. Ndiyo maana nikaona siwezi kujiamini nikinyamaza."

Wajumbe walitazamana. Bi. Assitan akamgeukia Atupele, aliyekuwa amevaa suti ya mazoezi ya timu na viganja vyake viko katikati ya magoti. "Binti, una la kusema?"

Atupele alisimama. Siwema alikuwa hajaongea naye tangu jana, na hakujua kitakachotoka.

"Shikamoo, wazee wangu. Nilimkasirikia mama huyu. Sikula jana. Lakini nimefikiri hivi. Kuna mtu alinipa mkono ili nivae nguo mwenyewe, nishike kijiko, nimbebe mdogo wangu. Hakunidai chochote. Sitaki siku moja asikie kwamba niliutumia kuwaibia wenzangu wa Msumbiji. Mkisema nisicheze, sitacheza. Mkisema nicheze, niambieni mpaka wapi."

Aliketi. Mjumbe mmoja aliandika, mwingine akaifuta miwani.

Uamuzi ulitolewa saa sita. Atupele angecheza, lakini soksi ingesomwa moja kwa moja wakati wa mechi, kwa dakika tano tano. Wastani wa dakika tano ukigusa thelathini atoke na asirudi. Sababu itangazwe uwanjani, ili kila mtu aelewe hakufukuzwa kwa kosa. Na wa kusoma angekuwa mpimaji wa timu yake.

"Tunakuamini," Bi. Assitan alimwambia Siwema akimpa kibao cha njano cha kuinua. Hakuna neno zito zaidi ambalo angeweza kumwambia.

*

Mechi ilianza saa kumi. Siwema alikaa mwisho wa benchi, kishikwambi mapajani, kibao cha njano miguuni. Robo ya kwanza namba ilicheza kwenye saba na nane. Ya pili ikagusa kumi na nne. Kila walipoomba mapumziko, Kocha Lukumay alimpita bila kumtazama.

Msumbiji walikuwa wamejipanga. Walimbadilishia Atupele mabeki kila dakika tatu, mwenye pumzi mpya baada ya mwenye pumzi mpya, wakimsukuma tangu nusu ya uwanja. Robo ya tatu ilipoisha Tanzania walikuwa nyuma kwa pointi mbili na namba ilikuwa ishirini na mbili.

Robo ya nne Eliwaza, nahodha, alifunga mara mbili mfululizo chini ya kikapu na ukumbi ukasimama. Sitini na moja kwa sitini na moja. Zilibaki dakika mbili na sekunde chache. Ishirini na sita. Atupele akapokea mpira, akamzunguka mmoja, akarudisha nyuma. Ishirini na nane. Jasho lilikuwa linadondoka kwenye kidevu. Siwema aliona kifundo cha mkono kikianza kulegea.

Mpira ukashuka, kama wa mtu aliyesahau. Pasi ikatoka mgongoni, ikamkuta Eliwaza peke yake, kikapu. Sitini na tatu. Benchi zima liliruka. Siwema aliruka nalo, machozi yakamtoka, kwa kuwa ilikuwa yenyewe, ile ile, mpaka pembe ya kiwiko.

Kisha akatazama mapajani. Thelathini.

Hakuna mwingine aliyekuwa anaiona namba ile. Angeweza kusubiri sekunde ishirini, labda ingeshuka. Angeweza kusema baadaye kwamba machozi yalimzuia kusoma. Mawazo hayo yote yalimpitia wakati mkono wake unashuka kuchukua kibao. Alikiinua juu kabisa, ili pasiwe na shaka.

Mwamuzi akapuliza. Atupele aligeuka, akamwona, akasimama kitambo ameshika kiuno. Halafu akaja mbio, akampiga kiganja mchezaji aliyeingia badala yake, akampita kocha, akaja kukaa sakafuni karibu na miguu ya Siwema. Sauti ya matangazo ilieleza kwa lugha nne kilichotokea. Filimbi za kuzomea zilianza upande mmoja, zikafifia watu walipoelewa, na kutoka jukwaa la Msumbiji mtu mmoja akaanza kupiga makofi.

"Ngapi, Mama?"

"Thelathini kamili."

"Asante kwa kuniacha nitoe ile ya mwisho."

"Sikukuacha. Nilikuwa naitazama."

Atupele akacheka, kicheko chenye kwikwi, akaegemeza kichwa kwenye goti lake. Wakaangalia dakika moja na nusu iliyobaki wakiwa hivyo. Tanzania walipata mtupo huru mmoja, Msumbiji walifunga mara mbili na kuongeza mtupo huru kengele ikikaribia kulia. Sitini na nne kwa sitini na sita.

Kwenye korido kocha wa Msumbiji alimsimamisha Siwema akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Alisema maneno mengi, na kwa kuwa Siwema alikuwa amevua kifaa cha sikio hakuelewa hata moja, ila aliuelewa mkono. Kocha Lukumay aliona. Ndani ya basi alikuja kukaa kiti cha pembeni yake, akamwekea sehemu ya shuka lake magotini, kwa kuwa baridi ilikuwa imezidi.

*

Asubuhi iliyofuata walikuwa wanakunywa chai, wakijiandaa kwa mechi ya kutafuta mshindi wa tatu, simu ya Siwema ilipoita. Alikuwa afisa wa benki ya mwangwi, kutoka Dar es Salaam.

"Bi. Chilongani, kuna mtoa mwangwi ameiangalia mechi ya jana. Alisikia tangazo. Ametuomba tumfungulie siri yake kwa mpokeaji, na ametia sahihi kwa sauti, mbele ya shahidi. Amesema pia na wewe uwepo. Mchezaji wako yuko tayari?"

Siwema alimwita Atupele kwa mkono. Wakaingia chumba kidogo cha mikutano chenye meza ndefu na bakuli la machungwa, wakasimamisha kishikwambi ukutani.

Uso uliotokea ulikuwa umekonda, umefungwa kitambaa cha kijani kichwani, na mto nyuma ya shingo. Nyuma yake ilionekana dirisha na mgomba wa Songea unaopigwa na jua.

"Siwema," Oliva alisema. Maneno yake yalitoka polepole, kila moja likisubiri mwenzake. "Wewe mwanamke. Umenitoa uwanjani."

Siwema alikuwa ameandaa mambo ya kusema, ya jana, ya msiba wa mama yake, ya miaka yote. Hakuna hata moja lililopatikana. "Nisamehe, Oliva."

"Nikusamehe nini? Nimecheza nusu fainali nikiwa kitandani. Nikatolewa kwa heshima, nikatangazwa kwa lugha nne." Alicheka, na kicheko chake kilikuwa bado ni kile kile cha kambini. "Binti yangu alipiga kelele mpaka majirani wakaja. Ungeficha ile namba nisingejua kwamba ndimi. Ningeona mtoto hodari tu, nikazima televisheni."

"Nilitaka kuificha. Kwa ajili yako."

"Najua. Ndiyo maana nasema asante."

Kisha macho yake yakahamia kando. Atupele alikuwa amesimama wima, mkono wa kushoto ameushika kwa wa kulia, kana kwamba anauleta kwa mwenyewe.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Barua zako ninazo zote. Nasomewa. Sikujibu kwa makusudi. Niliogopa nikijibu utaanza kucheza kwa ajili yangu, nami nilitaka ucheze kwa ajili yako."

Atupele akajipangusa uso kwa kiwiko.

"Sikiliza nikwambie kitu," Oliva aliendelea. "Robo ya tatu, ulipobanwa pale kwenye kona. Ukaupitisha mpira chini, katikati ya miguu ya yule dada mrefu, kwa kushoto. Uliona?"

"Niliona njia tu, Mama."

"Ile siyo yangu. Mimi nisingeithubutu. Sikuwahi kuifanya maishani. Nilikuwa naangalia mkono wangu unafanya kitu nisichokijua." Akapumzika, akavuta hewa. "Siwema, wewe uliiona?"

"Sikuiona," Siwema alikiri. "Nilikuwa naangalia namba."

"Basi irudie picha. Ni nzuri kuliko zangu zote."

Mlango uligongwa taratibu. Kocha Lukumay alichungulia, akaona nyuso zao, akavua kofia na kusimama pale pale mlangoni.

"Mwanangu," Oliva alisema, "nimeuona mkono ukicheza. Sijawahi kuuona ukifanya kazi ya kawaida. Kuna kitu hapo cha kumenya?"

Atupele aliangalia meza. Akavuta kiti karibu na kamera, akachukua chungwa kubwa, na kisu kidogo cha matunda akakishika kwa kushoto. Alianza juu, akazungusha polepole, ganda likateremka kwa utepe mmoja mwembamba hadi mezani. Kule Songea, binti wa Oliva alisogeza mto ili mama yake aone vizuri zaidi.

"Polepole," Oliva alinong'ona. "Usikate haraka. Nina muda."